Barua ya wazi kwa viongozi wa Mtwara: anayeonewa shuleni tumemwonyesha sisi kwanza

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Mtwara, Waheshimiwa Wakuu wa Wilaya, Wakurugenzi wa Halmashauri zetu, Maofisa Elimu na Maofisa Ustawi wa Jamii.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Nawaandikia juu ya watoto wanaoonewa na watoto wenzao katika shule zetu za msingi, na nitasema mapema ninachotaka kusema: katika visa vingi ninavyovijua, mtoto anayeonewa alikuwa ameshaonyeshwa na wakubwa. Sisi ndio tuliomtenga, tukamsimamisha mbele za watu, tukamtaja kwa jina la kumdhalilisha. Wenzake walikuja baadaye kumalizia.

Mimi ni fundi cherehani hapa Newala na ni mjumbe wa kamati ya shule. Nashona sare mpya mwezi wa kwanza, na mwaka mzima uliobaki naziba zilizochanika. Shati lililochanika kwa mchezo nalijua. Limekatika mgongoni au chini ya kwapa, na mwenye nalo ananisimulia bao alilofunga huku mimi natafuta uzi. Shati la mtoto aliyeonewa limeng'oka mfuko wa kifuani, ule wa kuwekea shilingi mia ya kununulia mihogo, au kola inaning'inia na vifungo viwili vya juu havipo. Mwenye shati hilo hasimulii kitu. Anauliza tu kama nitamaliza kabla mama yake hajarudi kutoka shamba.

Ukiwauliza wakubwa kwa nini mambo haya yanatokea, majibu ni yale yale. Huyo mtoto ana roho mbaya. Kizazi hiki kimeharibiwa na simu. Kwao hawana malezi. Sikubaliani na majibu hayo. Watoto wengi wanaopora wenzao kwenye njia ya kurudi kijijini hawajawahi kumiliki simu, na roho mbaya haiwezi kuwa inaongezeka mwezi wa kwanza na kupungua mwezi wa nne.

Mtafiti Dan Olweus, mzaliwa wa Sweden aliyefanya kazi yake kubwa Norway, alilichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Mwishoni mwa mwaka 1982 wavulana watatu wa kaskazini mwa Norway walijiua, na ikaaminika kuwa chanzo kilikuwa kuonewa vibaya na wenzao. Mwaka uliofuata Wizara ya Elimu ya nchi ile ikaanzisha kampeni ya shule zote. Olweus alifuatilia wanafunzi wapatao 2,500 katika shule 42 za Bergen, na baada ya miaka miwili uonevu ulikuwa umepungua kwa karibu nusu. Alieleza uonevu kuwa ni kumdhuru mwenzako kwa makusudi, tena na tena, ilhali yeye hana nguvu ya kukukabili. Watoto wawili wanaolingana wakipigania mpira, huo ni ugomvi tu. Aligundua pia kwamba vitu ambavyo watu huvilaumu, kama miwani au rangi ya nywele, havielezi kwa nini mtoto fulani anaonewa. Mwonevu akishampata mtu wake, kisingizio hakikosekani.

Basi swali langu kwenu ni hili: huo udhaifu wa mmoja mbele ya mwenzake unatoka wapi kwa watoto wa darasa moja, kijiji kimoja, wenye sare moja?

Niliona jibu kwenye foleni ya uji. Sitaitaja shule, maana si moja. Ilikuwa saa nne asubuhi, sufuria mbili ziko chini ya mkorosho, watoto wamejipanga na vikombe vyao. Mwalimu wa zamu alikuwa na daftari la michango: debe la mahindi na fedha kidogo ya mpishi kwa kila mtoto. Anaita jina, anatazama daftari. Aliyelipiwa anasogea. Asiyelipiwa anaambiwa akakae kule ukutani mpaka wenzake wamalize. Walikaa huko watoto kama ishirini, wengine wadogo kabisa wa darasa la kwanza, wakiwatazama wenzao wakinywa. Mvulana mmoja alikunywa uji wake nusu, akatembea polepole mpaka mbele ya msichana wa rika lake aliyekaa ukutani, akamwaga uliobaki mchangani karibu na miguu yake. Waliokuwa karibu wakacheka. Msichana akavuta miguu yake ndani ya sketi. Mwalimu hakusema kitu, alikuwa bado anaita majina.

Mchana wakati wa kurudi nyumbani niliwasikia wakipita mbele ya kibanda changu wakimwimbia yule msichana: mdoezi, mdoezi. Hakuwa amedoea kitu chochote. Alikuwa hajala.

Waheshimiwa, yule mvulana alifanya ukatili na alistahili kukanywa palepale. Lakini hakumchagua yeye mwenyewe yule msichana. Alichaguliwa na daftari. Mtu mzima mwenye cheo, mbele ya shule nzima, alikuwa ametangaza kwamba huyu hana mtu wa kumlipia, na mtoto asiye na wa kumlipia ndiye asiye na wa kumsemea. Watoto wanajua hesabu hiyo vizuri sana. Kabla mbabe hajamgusa mtu hujiuliza nani atakuja shuleni kesho. Kama kuna baba anayeheshimika, au mjomba mkali (na huku kwetu mjomba ana sauti kwa watoto wa dada yake), anamwacha. Kama kuna bibi tu, mzee wa miguu kuuma anayeishi mbali, anaendelea.

Serikali ilifuta ada ya shule ya msingi mwanzoni mwa miaka ya 2000, na ya kidato cha kwanza hadi cha nne kuanzia Januari 2016, na viongozi wamesema mara nyingi kwamba mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu ya mchango. Kumweka ukutani ni kumrudisha nyumbani akiwa bado yuko shuleni. Sisi katika kamati yetu tulibishana kwa muda mrefu, mwishowe tukaamua kwamba wote watakunywa, na habari ya madeni itabaki baina ya kamati, mtendaji wa kijiji na wazazi. Uji ukawa mwepesi. Wapo wazazi waliokasirika, wakasema kwa nini wao walipie watoto wa wenzao, na hoja yao si ya kupuuza maana mahindi yao wameyalima kwa jasho. Hata hivyo uamuzi haujabadilika, na ukutani hakai mtu.

Nije kwenye viranja. Mnajua uhaba wa walimu kuliko mimi ninavyoujua. Mwalimu mmoja akiwa na madarasa mawili, darasa la pili anamwachia kiranja. Kiranja anapewa fimbo, na anapewa kazi ya kuandika majina ya wapiga kelele. Watu wazima tunaliona hilo kuwa jambo dogo, la kawaida, sote tumepitia. Litazameni kwa macho ya mtoto. Mtoto wa miaka 12 ana fimbo mkononi, ana orodha ambayo kila jina lililomo litachapwa, na hakuna atakayemuuliza jina hili limeingiaje. Orodha hiyo ina bei. Lete ubuyu nikufute. Lete nusu ya mhogo wako. Niandikie kazi yangu ya hisabati. Wanasema mkono mtupu haulambwi, na asiyekuwa na cha kuleta jina lake linabaki, tena linabaki kila siku. Huyo ndiye mwenye mfuko wa shati uliong'olewa, kwa sababu amepekuliwa kuona kama kweli hana.

Hapo hatuna mtoto mbaya. Tuna mamlaka tuliyoigawa bila usimamizi, halafu tunashangaa imetumikaje.

Na fimbo yenyewe tuiseme. Kanuni za nchi juu ya viboko shuleni ziko wazi: anayechapa ni mwalimu mkuu, au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, viboko visizidi vinne, msichana achapwe na mwalimu wa kike, akiwepo, na adhabu iandikwe kwenye kitabu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inakataza kumtesa na kumdhalilisha mtoto. Hakuna mahali paliposemwa kiranja achape. Hakuna mahali paliposemwa mtoto achapwe kwa sababu ameshika nafasi ya mwisho, tena baada ya nafasi yake kusomwa mstarini huku wenzake wakimzomea. Utafiti wa kitaifa juu ya ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika mwaka 2009 na kutolewa mwaka 2011, ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya Watanzania walipitia ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18, na walimu walikuwa miongoni mwa waliotajwa sana. Mtoto aliyelelewa hivyo nyumbani na shuleni amefundishwa somo moja kwa marudio kuliko masomo yote: mwenye fimbo ndiye mwenye haki.

Namjua mmoja wa wanaong'oa mifuko ya wenzao. Msimu wa korosho huamshwa alfajiri, giza halijatoka, akaokote korosho na baba yake kabla ya shule. Akichelewa shuleni anapigishwa magoti kwenye kokoto. Akirudi jioni na baba ameshalewa uraka, pombe ya mabibo, anapigwa kwa kamba ya kufungia magunia kwa kosa ambalo hata majirani hawalijui. Nyumba nzima yeye ndiye wa chini kuliko wote, na shuleni amepata mahali pa kuwa juu. Nayasema haya bila kumtetea. Anapaswa kuzuiwa, na watoto aliowapora wanapaswa kurudishiwa vyao na kuombwa radhi. Lakini tukimchapa mstarini, kama ilivyofanyika, tumemthibitishia somo lile lile, na mchana wake amelihamishia kwa mdogo wake.

Msimu wenyewe, jamani, utazameni. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja fedha zinaingia. Wazazi wanalala mashambani, watoto wanabaki na bibi au na kaka zao wakubwa, na ndoa nyingi huvunjika kipindi hicho kuliko kipindi kingine chochote, kila anayeishi huku anaona. Watoto wengine wanakuja na noti na viatu vipya, wengine hawana hata kandambili. Ikifika Januari fedha zimekwisha, chakula hakitoshi, na wapo waliokwisha kuuza korosho zao kwa kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya mfumo rasmi, tangu zikiwa juu ya mti, kwa hiyo wao hata msimu haukuwafikia. Hiyo ndiyo miezi ninayoletewa mifuko mingi ya kushona. Mtoto mwenye njaa anampora mwenye mhogo, na anayeporwa kila siku ni yule mdogo anayetembea peke yake. Nani katika ofisi zenu anaiweka ratiba ya ulinzi wa watoto sambamba na kalenda ya korosho?

Kuna majina pia. Tangu mapigano yaanze Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, mwaka 2017, na hasa baada ya mji wa Palma wa huko kushambuliwa Machi 2021, familia zilivuka Ruvuma kutafuta usalama. Wengi walirudi, wapo waliobaki kwa ndugu zao, maana ng'ambo na huku ni Wamakonde wale wale. Kijiji cha Kitaya cha mkoani kwetu kiliposhambuliwa Oktoba 2020 sisi wenyewe tulionja hofu hiyo. Lakini kaeni kwenye kijiwe chochote msikilize yanayosemwa juu ya Wamawia, yaani Wamakonde wa ng'ambo, kwamba ni washamba, kwamba ni wakatili, kwamba wao ndio waliotuletea balaa. Anayesema ni mtu mzima, na pembeni yake yuko mtoto anachezea kizibo cha soda. Kesho yake darasani kuna mtoto anayetamka Kiswahili kwa lafudhi ya ng'ambo, na hatakuwa na mtu wa kukaa naye dawati moja. Mtoto mwenye ualbino au anayechechemea naye anayapata yake hivyo hivyo: jina analoitwa uwanjani lilianzia midomoni mwa wakubwa.

Utani wetu nauheshimu. Wamakonde, Wayao, Wamakua na Wamwera tumetaniana misibani na harusini, na utani umetuzuia kuchukiana. Ila mtani anakujibu. Mtoto wa miaka minane aliyezungukwa na wakubwa wake kumi hajibu kitu.

Jando na unyago nitayasema kwa tahadhari kwa kuwa ni mambo ya wazee, nami nimechezwa na nimepeleka wangu. Mafunzo ya kule yana heshima nyingi ndani yake. Tatizo ni kinachotokea baada ya likizo ya Juni, wenye kutoka wanaporudi shuleni wakiwa wameambiwa kwamba sasa wao ni watu na waliobaki si watu. Msichana ambaye wazazi wake hawakuwa na fedha za ngoma, au dini yao au msimamo wao haukuwaruhusu, anaitwa msungo, yaani asiyechezwa, mpaka anaacha kunyoosha kidole darasani. Mvulana anavuliwa kaptura chooni ili aangaliwe. Hilo ni kosa la jinai hata likifanywa kwa kicheko. Makungwi na mangariba wanasikilizwa na watoto hawa kuliko mwalimu yeyote. Wakiambiwa kule kumbini kwamba aliyetoka jandoni ndiye mlinzi wa asiyetoka, wataamini, kwa sababu watakuwa wameambiwa na wazee wao siku ambayo hawataisahau.

Sasa ninachoomba.

Kabla ya kitu kingine, toeni agizo la maandishi, lisomwe katika kila shule na kila mkutano wa kijiji, kwamba mtoto hatatajwa, hatatengwa wala hatanyimwa chakula mbele ya wenzake kwa sababu ya mchango wa mzazi. Daftari la michango lishughulikiwe na watu wazima kwa watu wazima. Kwa zile familia ambazo kweli hazina, Halmashauri zinakusanya ushuru wa korosho kila msimu. Tengeni humo sehemu ya mahindi ya uji.

Viranja wanyang'anywe fimbo na orodha. Hili halihitaji bajeti wala semina, linaweza kufanyika Jumatatu. Kiranja abaki na kengele, ufagio na kuongoza nyimbo.

Wathibiti Ubora wa Shule wanapokuja wakague kitabu cha adhabu kama wanavyokagua maandalio ya masomo, na waongee na watoto bila mwalimu kuwepo. Nafasi za mitihani mtoto apewe yeye na mzazi wake, zisisomwe mstarini.

Mwalimu wa zamu wakati wa mapumziko awe uwanjani na maeneo ya vyooni, asiwe ofisini. Kule Bergen hili lilikuwa sehemu ya kazi iliyofanyika. Na watoto wanaotazama wafundishwe kuingilia, kwa maana wao ndio wengi. Watafiti wa Kanada waliowapiga picha za video watoto wakiwa uwanjani, wakachapisha matokeo yao mwaka 2001, waliona kwamba mtoto mwingine alipoingilia kati, uonevu ulikoma ndani ya sekunde 10 katika zaidi ya nusu ya visa. Wale waliocheka chini ya mkorosho mmoja wao angesema tu "mwache", huenda yote yangeishia pale.

Mwalimu wa malezi na unasihi aachiwe vipindi vya kufanya kazi hiyo. Siku hizi jina lake linaandikwa kwenye ubao wa majukumu, kisha anapewa vipindi vya masomo kama wenzake wote, na mtoto akienda kwake anamkuta anasahihisha madaftari sabini. Namba 116, simu ya bure ya kumsaidia mtoto, ichorwe kwa rangi kubwa kwenye ukuta wa kila shule na kwenye ghala la kila chama cha msingi, mahali ambapo wazazi wanasimama wakisubiri mizani. Kamati za kijiji za kupinga ukatili dhidi ya wanawake na watoto, zile zilizoundwa chini ya mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili huo (MTAKUWWA), zipokee pia taarifa za watoto kuonewa na watoto. Hivi sasa mzazi akipeleka habari kama hiyo anaambiwa ni mambo ya watoto, yatakwisha.

Na kabla ya Juni, Waheshimiwa Wakuu wa Wilaya, kaeni na wazee wa mila, makungwi na mangariba. Msiende kuwakemea. Waombeni waongeze somo moja.

Kwa upande wetu kamati ya shule iko tayari kuwaonyesha tulivyofanya na uji, pamoja na yaliyotushinda, mkija au mkimtuma Ofisa Ustawi wa Jamii. Muhula wa kwanza unaanza Januari, na Januari ndipo miezi ya njaa inapoanza. Naomba agizo la michango na la viranja liwe limefika shuleni kabla ya siku hiyo.

Wenu katika kulea,

Fundi cherehani na mjumbe wa kamati ya shule,
Newala, Mtwara